Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maziwa yetu: wazamiaji wa bara wanaachia kwenye mtungi mtupu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya maliasili na utalii, ya mifugo na uvuvi, na ya mambo ya ndani ya nchi. Na kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa inayopakana na Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa.

YAH: KUDUMISHA UZAMIAJI WA MITUNGI YA HEWA KATIKA MAZIWA YA BARA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kigoma na ni mzamiaji. Ninaandika kwa niaba yangu mwenyewe, ingawa najua kwamba wenzangu wachache wa hapa, pamoja na wale wa Mwanza tunaowasiliana nao kwa simu, wangetia saini bila kusita. Shauri ninalolileta si kubwa kwa gharama, lakini limekaa katikati ya ofisi nyingi kiasi kwamba hakuna hata moja inayoliona kuwa lake, na ndiyo maana nimeona nililete kwenu nyote kwa pamoja, tena hadharani.

Shauri lenyewe ni hili. Katika nchi yetu, kujifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa ni jambo la Unguja, Pemba, Mafia na Dar es Salaam. Kijana wa Kigoma, Mwanza au Bukoba anayelitaka hujikusanyia nauli, husafiri hadi pwani, hufundishwa kwa siku chache na kupata cheti cha ngazi ya kwanza, kile kinachomruhusu kushuka hadi mita 18, kisha hurudi kwao akiwa haongei kitu kingine. Akifika huku anakuta ziwa lipo, tena mlangoni pake, ila pa kujazia mtungi hapapo. Miezi ya mwanzo anaulizauliza. Anaambiwa kuna mtu fulani aliwahi kuwa na mashine, lakini mtu huyo alikwisha kuhama, au mashine ilikwisha kuharibika. Baada ya mwaka miwani yake inatundikwa ukutani, na ukimwuliza habari za kuzamia atakusimulia ya Nungwi, kule Unguja, tu. Sijakutana na hata mmoja aliyeacha kwa sababu maji yalimchosha. Wanaachia palepale, kwenye mtungi mtupu.

Najua kwamba baadhi ya watakaoisoma barua hii wataona kuwa uzamiaji ni starehe ya wageni wenye fedha, na kwamba mkoa wenye shida ya maji ya bomba hauna sababu ya kuhangaikia watu wanaotaka kutazama samaki. Nitawajibu kwa sehemu mbili: kwanza kwa kueleza kilichomo ndani ya maji haya, kisha kwa kueleza kinachotokea pale ambapo maji haya yanapata msiba na hakuna mtu wa kuingia.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika takriban mita 1,470. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina uhai wa samaki, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayachanganyiki sawasawa, na ukishuka kati ya mita 100 na 200, kutegemea uko kaskazini au kusini mwa ziwa, oksijeni inakwisha. Maana yake ni kwamba karibu kila kiumbe kinacholipa ziwa hili sifa yake kimebanana katika tabaka la juu, na wale wa kwenye miamba, ambao ndio wengi kwa aina, wako katika kina ambacho mzamiaji mwenye cheti cha kawaida anakifikia. Samaki wa jamii ya sato na perege peke yake wana aina zipatazo 250, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Bahari ina mengi, sikatai, lakini samaki wa Mafia unaweza kumwona pia Msumbiji, Shelisheli na kwingineko. Huyu wa kwetu ukimkosa hapa umemkosa.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, maana hamu ya kuzamia haijengwi na hotuba, inajengwa na kitu ambacho mtu amekiona kwa macho yake. Kwenye mchanga wa mita 8 au 10, mahali ambapo makombe ya konokono waliokufa yamelundikana, wanaishi samaki wadogo kuliko kidole cha mwisho cha mkono, na kila mmoja ana kombe lake. Ukisogeza kiganja karibu, wote wanatumbukia ndani kwa mara moja na uwanja unabaki mtupu. Ukitulia bila kupumua kwa nguvu, kinachungulia kichwa kimoja, kisha cha pili, na baada ya dakika mbili mtaa mzima umerudi kazini, huyu anatoa mchanga kwa mdomo, yule anamfukuza jirani. Wapo ndugu zao wakubwa zaidi ambao dume huyabeba makombe kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, kisha majike, ambao ni wadogo kuliko yeye kwa mbali, huingia humo kutaga. Dume mwingine humpora mwenzake makombe, mara nyingine jike akiwa bado yumo ndani.

Kwenye miamba kuna samaki ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Huyu mdomo wake haukukaa sawa. Kuna waliopindia kulia na kuna waliopindia kushoto, na yule aliyepindia kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo lake. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alionyesha katika jarida la Science kwamba makundi hayo mawili hupokezana wingi: kundi moja likizidi, mawindo hujihadhari na upande huo, na lile jingine hupata nafasi. Hilo lilijulikana kwa sababu watu waliingia majini na mitungi, mwaka baada ya mwaka, katika ziwa hili. Watafiti wa Kijapani wamezamia Mahale na upande wa Mpulungu nchini Zambia kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu tabia za samaki hawa imetoka kwao. Sina kinyongo nao hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini kijana wa Katonga au Ujiji, ambaye baba yake anavua migebuka juu ya maji hayohayo, asiwe miongoni mwa wanaowahesabu samaki hao.

Nako ng'ambo, Ujerumani, Japani na Marekani, wapo watu wanaofuga samaki hawa sebuleni. Kuna mmoja mwenye nundu kichwani na mistari myeusi ubavuni ambaye wafugaji wanamtofautisha kwa mahali alikotoka, na yule mwenye mistari saba badala ya sita wanamwita kwa jina la mji wetu, Kigoma. Nimewahi kumwonyesha mwanafunzi wa sekondari ya hapa picha ya samaki huyo katika tangi la kioo huko Ulaya, akaniuliza anapatikana nchi gani.

Sehemu ya pili ya jibu langu ni nzito zaidi, na ninaiandika kwa heshima kwa waliofiwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Wengi wetu tuliokuwa na akili zetu wakati ule tunakumbuka kwamba meli ilibaki ikielea kichwa chini kwa muda, kwamba tumbo lake lilitobolewa ili kuwafikia waliokuwa ndani, hewa ikatoka, ikazama. Na kwamba wazamiaji waliitwa kutoka Afrika Kusini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228, na siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai, alikuwa amejibanza mahali palipobaki na hewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliokufa ni 19, na waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao.

Tazameni ramani ya misiba hiyo. Yote mitatu ilitokea Ziwa Victoria, mamia ya kilomita kutoka pwani ya bahari. Mtu aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka anaishi kwa hewa iliyobaki humo, na hewa hiyo haimsubiri mzamiaji apakie vifaa Dar es Salaam, apande ndege, atue, apande boti. Yule mhandisi wa Ukara anatuambia kwamba wapo wanaobaki hai ndani. Hatuwezi kujua ni wangapi wangetoka kama watu wa kuingia wangekuwa umbali wa saa moja. Sisemi kwamba mzamiaji wa kujifurahisha anafaa kupelekwa ndani ya meli iliyozama. Kazi hiyo ina mafunzo yake na vifaa vyake, na asiyefunzwa akiingia anakuwa maiti wa ziada. Ninachosema ni kwamba waokoaji wa aina hiyo hupatikana kutoka kwenye kundi la watu wanaozamia mara kwa mara, wanaolijua ziwa lao na ambao hawaogopi maji ya giza. Mahali ambapo kundi hilo halipo, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litampeleka askari kozi, atarudi na cheti, naye yatampata yaleyale yaliyompata kijana wangu wa Nungwi.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Serikali na wafadhili wakijali uzamiaji wa bara, hujali kwa njia ya kozi: watu wanakusanywa, wanafundishwa, wanapigwa picha na vyeti vyao, wanatawanyika. Lakini ujuzi huu hauhifadhiki kabatini. Asiyeingia majini miezi sita husahau jinsi ya kuondoa maji kwenye miwani bila kutaharuki, hupumua kwa pupa, hummalizia mwenzake hewa. Kinachomweka mtu katika uzamiaji ni kile kinachofuata baada ya cheti: mtungi uliojaa siku ya Jumamosi, mwenzake wa kuzamia naye, na kazi ya kufanya huko chini.

Nianze na mtungi. Ule wa kawaida una ujazo wa lita 12 hivi, na hujazwa kwa mgandamizo wa baa 200 (mara 200 hivi ya ule wa hewa ya kawaida), yaani hewa ya lita 2,400 imebanwa humo. Watu wengi hutuuliza kwa nini hatujazi kwenye gereji, kwa kuwa kompresa ziko kila kona. Kompresa ya kujaza matairi haifikii hata sehemu ya kumi ya mgandamizo huo, na hata ingefikia, hewa yake ina mvuke wa mafuta na pengine moshi wa injini iliyo jirani; hewa chafu kidogo inayovumilika barazani, ukiivuta mita 20 chini ya maji inaweza kukuzimisha. Mashine inayotakiwa ina vichujio maalumu, hunyonya hewa kutoka mahali palipo mbali na moshi, na inahitaji fundi anayeijua. Mitungi yenyewe inapaswa kukaguliwa kila mwaka na kupimwa uimara wake kwa maji, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Kwa hiyo sisi wa huku husafirisha mitungi kwenda pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Kwa basi ni mtihani mwingine, konda huutazama mtungi, huugonga kwa kidole, kisha husema, “Mzee, hii gesi hatupakii.” Umweleze kwamba ni hewa tu kama anayoivuta yeye, hataelewa, wala simlaumu.

Gharama ya mashine moja ya kiasi haifiki bei ya gari moja jipya la ofisi. Wala haihitaji jengo jipya, kwa kuwa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Kibirizi hapa Kigoma na Nyegezi kule Mwanza, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina vituo vyake katika miji hiyo hiyo. Mashine ikiwekwa mahali pamojawapo, ikahudumia watafiti, askari wa uokoaji na raia wenye vyeti, kila mmoja akilipia hewa anayojaza, itajilipia vichujio vyake. Naomba sana kuhusu vichujio. Tukipewa mashine bila fungu la vichujio na bila fundi, itazinduliwa kwa utepe, itafanya kazi msimu mmoja, na itageuka kuwa meza ya kuwekea mafaili.

Jambo la pili ni kwamba mafunzo ya pwani, hata yakiwa mazuri namna gani, hayamtoshi anayerudi bara, na hili haliko katika fikra za wengi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Mashirika yanayotoa vyeti huhesabu maji yoyote yaliyo juu ya mita 300 kuwa maji ya mwinuko, yenye taratibu zake. Mzamiaji akiwa chini, mwili wake hunyonya nitrojeni kutoka katika hewa anayoivuta, na akipanda, nitrojeni hiyo hutoka taratibu kupitia mapafu. Huku kwetu hewa ya juu ni nyepesi, mgandamizo wake Kigoma ukiwa takriban asilimia 92 ya ule wa pwani, kwa hiyo tofauti kati ya chini na juu ni kubwa zaidi kwa uwiano. Na akipanda kwa haraka, nitrojeni hutoka ndani ya damu na viungo mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viungo vinauma, ngozi inawasha, na wengine hupooza.

Katika majedwali ambayo wazamiaji hupangia kina na muda, mita 18 za Tanganyika husomwa kama karibu mita 20 za baharini, na muda wa kukaa chini hupunguzwa ipasavyo. Kompyuta nyingi za kuvaa mkononi hujirekebisha zenyewe, nyingine hutaka kuelekezwa, na aliyefundishwa Unguja hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Maji yasiyo na chumvi nayo hubeba mwili kidogo kuliko maji ya chumvi, hivyo mkanda wa uzito, ule wa vipande vya madini ya risasi, uliomfaa Mafia utamlemea hapa. Tena akishatoka majini hatakiwi kukimbilia uwanja wa ndege. Ushauri wa kawaida kwa aliyezamia zaidi ya mara moja ni kusubiri angalau muda wa saa 18, na hata safari ya gari ya kuelekea Kasulu, kwa kuwa barabara inapanda milimani, ni ya kupangiwa. Chemba za mgandamizo, za kutibia maradhi hayo ya nitrojeni, ziko upande wa bahari, na kumsafirisha mgonjwa kwa ndege kunaweza kumzidishia. Kwa sababu hiyo sisi huzamia kwa kujibana: kina kifupi, muda mfupi, kupanda polepole. Mwalimu anayekaa kandokando ya ziwa na kuyafundisha hayo kwa Kiswahili ana thamani kuliko kozi kumi za pwani.

Ziwa lenyewe nalo lina tabia zake. Kuna mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito na kwenye matete, na mwenyeji anajua ni ghuba ipi ya kuepuka. Kuna nyoka wa majini, swila, ambaye tumemwona akipita kwenye miamba bila kutujali, nasi tukampisha. Kuna kichocho, ambacho hupendelea maji yaliyotulia yenye majani na konokono kuliko miamba iliyo wazi, na dawa yake inajulikana. Hatari hizi zinavumilika kwa mtu aliyefundishwa hapa. Kwa aliyefundishwa kwingine ni ama hofu kupita kiasi ama ujasiri wa kipumbavu.

Sasa nije kwenye vibali, ambako hamu ya wengi huishia kabla hata ya mtungi. Nimewahi kuzungushwa nikitafuta ruhusa ya kuzamia na kikundi cha vijana. Ofisi moja ilinijibu kwamba samaki ni wake lakini watu si wake. Nyingine ikasema vyombo vinavyoelea ni vyake, ila sisi hatuelei, tunazama. Ofisi ya tatu ilitaka kujua tunavua nini. Niliielewa hoja ya huyo wa mwisho, kwa sababu kanuni za uvuvi zinakataza kuvua kwa kutumia mitungi ya hewa, na ni sawa kabisa ziwe hivyo. Mtu mwenye mtungi na mkuki anaweza kufagia mwamba mzima kwa wiki moja. Lakini anayezamia kutazama asiwekwe kundi moja na mwizi. Utaratibu mmoja ulioandikwa, wenye fomu moja na mlango mmoja, unaotambua vyeti vya kimataifa na kumtaka mzamiaji ajiandikishe wilayani, ungetuondolea sisi usumbufu na ungewapa ninyi orodha ya wazamiaji wa kila mkoa. Siku ya msiba orodha hiyo itatafutwa usiku wa manane.

Vilevile, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, inajumuisha ukanda wa ziwa wenye upana wa kilomita 1.6 ambamo hakuna kuvua. Ni miongoni mwa maeneo machache ambayo samaki wa miamba wamekaa bila nyavu kwa miaka mingi. Watu hupafahamu Mahale kwa sokwe, na wageni hulipa fedha nyingi kuwafuata mlimani. Kilichomo chini ya boti inayowaleta hakisemwi. Ninaomba hifadhi ifikirie siku maalumu katika mwaka ambapo wazamiaji wa ndani, kwa kiingilio cha mwananchi na chini ya usimamizi wa askari wa hifadhi, wataingia kuhesabu samaki kwenye mistari iliyopimwa. Hifadhi itapata takwimu, nao watapata sababu ya kuweka ujuzi wao hai mwaka mzima.

Malawi haina bahari kabisa. Hata hivyo Cape Maclear, Nkhata Bay na kisiwa cha Likoma kuna watu wanaofundisha uzamiaji, na wasafiri wengi wa nje wamepata cheti chao cha kwanza humo, ndani ya ziwa, wakizungukwa na samaki wa rangi wanaoitwa mbuna. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi ilianzishwa mwaka 1980, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Ukisimama Matema au Mbamba Bay unatazama maji yaleyale, ambayo sisi tunayaita Ziwa Nyasa.

Kuna nafasi nyingine ambayo ilipita tukaitazama. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Vijana wengi wa mialo ya huku walikaa bila kazi. Hawa ni watu ambao tayari wanaogelea, wanajua upepo wa kusi unaanza saa ngapi, na wanaweza kuishika boti itulie mahali pamoja kwenye mawimbi, kazi ambayo katika uzamiaji ni nusu ya usalama. Ziwa likifungwa tena, miezi hiyo itumike. Wala si lazima waanze na mitungi: miwani, mrija na mapezi vinatosha kwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa samaki wa miamba huonekana hata kwenye mita mbili za maji. Watakaoonyesha utulivu ndio wapelekwe kwenye mitungi. Kazi za chini ya maji zipo, tena za malipo: kuondoa nyavu zilizonasa kwenye miamba na zinazoendelea kuua samaki bila mwenyewe, kukagua matumbo ya boti na nguzo za gati, kutafuta injini zilizodondoka. Mvuvi aliyepoteza injini ya boti amepoteza mtaji wote, na anayeweza kumwibulia atalipwa siku hiyohiyo. Wapo pia wazee wa kazi waliofundishwa kuzamia na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo. Wale ninaowafahamu wanalijua ziwa kwa mkono, lakini hawana karatasi yoyote inayowatambulisha. Utaratibu wowote utakaobuniwa uwape nafasi ya kupimwa na kupewa vyeti badala ya kuwaanzisha upya na watoto.

Ninayoyaomba, basi, yanaweza kuanza na mashine moja ya hewa Kigoma na moja Mwanza, fomu moja ya kibali, na mwalimu mmoja wa kudumu. Sidai kituo cha kimataifa. Wizara zikikubaliana nani ashike jambo hili, hata kwa barua ya ukurasa mmoja, sisi tuliopo tutajitolea kusafisha mitungi, kuwasindikiza wanafunzi na kutunza daftari la kila anayeingia na kutoka majini.

Kikao cha kwanza kinaweza kufanyika hapa Kigoma mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza kushusha udongo wa milimani na kuyachafua maji ya ufukweni. Naomba kila ofisi itume mtu mmoja aliye tayari kulowa. Miwani na mirija tutaazimana, na asiyejua kuogelea atavalishwa jaketi la kuelea na kushikwa mkono.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzamiaji, mkazi wa Kigoma

Nakala:
Jeshi la Zimamoto na Uokoaji
Shirika la Hifadhi za Taifa
Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi
Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi
Shirika la Uwakala wa Meli